Sauti Ndani ya Zege

Mnunuzi wa chungu hakichukui kwa kukitazama tu. Hukigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kikiwa na mlio mfu hukirudisha, ijapokuwa ufa hauonekani. Elimu ya kupima zege kwa sauti ilianza karibu na hapo hapo. Mwaka wa 1938 T. C. Powers, huko Marekani, alieleza namna ya kuligonga pande la zege kwa nyundo na kulinganisha mlio wake na kengele za muziki zilizokwisha pimwa. Kwa hesabu aliweza kujua ugumu wa pande lile.

Lakini pande la maabara si bwawa. Bwawa haligongwi likalia kama kengele, na nyufa za usoni hazimwambii mtu zimeingia ndani kadiri gani. Kulitoboa ni kuongeza jeraha, tena tundu moja hutoa habari za mahali pale tu. Jambo hili ndilo lililowashughulisha Leslie na Cheesman, wahandisi wa shirika la umeme la Ontario, Kanada, tangu katikati ya miaka ya 1940. Chombo chao, soniskopu, kilipeleka mpigo wa sauti upande mmoja na kuupokea upande wa pili, hata katika zege la unene wa mita 15. Wakati uo huo R. Jones alikuwa akiifanya kazi ya namna hiyo Uingereza, katika maabara ya utafiti wa barabara, pasipo kuwategemea Wakanada. Kwa hiyo sioni sababu ya kubishana nani aliyetangulia. Haja ilikuwa moja.

Kwa nini hawakuazima tu chombo cha kupimia chuma, ambacho Floyd Firestone alikuwa amekwisha kukibuni? Chuma hupimwa kwa mitetemo ya mamilioni kwa sekunde. Mitetemo hiyo ikiingia katika zege hutawanywa na kokoto, isifike mbali. Ilibidi kushuka hadi makumi ya maelfu, juu kidogo tu ya sauti ambayo sikio laweza kusikia.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Katika zege zuri mpigo huenda mita 4,000 au zaidi kwa sekunde. Hewani huenda 340 hivi. Ukuta wa sentimita 60, ukiwa mzima, huvukwa kwa sehemu 150 za milioni ya sekunde. Ukiwa na ufa, mpigo hulazimika kuuzunguka ufa huo, ukachelewa. Zikipita sehemu 200, mpimaji huandika mita 3,000, akatia shaka. Ndiyo maana ncha za chombo hupakwa grisi, ili pasibaki hewa kati yake na zege.

Mwaka wa 1951 Whitehurst alitoa daraja za ubora kwa kufuata mwendo huo, na wengi wakazishika kama sheria. Mimi naona wameharakisha. Nondo iliyo njiani huuendesha mpigo upesi kuliko zege, na unyevu nao huongeza mwendo. La hatari zaidi ni ufa uliojaa maji: mpigo hupenya humo karibu kana kwamba hakuna kitu. Na bwawa, kwa kazi yake, hushinda majini.