Kutoka S.L.P. hadi Barua Pepe ya Steshenari

Zamani kijana wa Tandika au Mwananyamala, Dar es Salaam, alipata barua kupitia sanduku la mtu mwingine. Posta haikuzunguka nyumba kwa nyumba, ulihitaji S.L.P., na mwenye nayo alikuwa shule, kanisa au mjomba mwenye kazi mjini. Barua ya usaili ilipita mikono kadhaa, lakini ilifika, kwa kuwa kila mkono ulimjua mwenyewe.

Mimi nilianzia kazi kwenye intaneti kafe, Temeke. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, wa EASSy ukafuata 2010, bando zikashuka bei na kafe zikafungwa moja moja. Zikabaki steshenari: fotokopi, laminesheni na fomu za mtandaoni. Mkopo wa chuo, udahili, ajira serikalini, kote wanataka barua pepe.

Basi desturi ya kuazima anwani ikarudi. Binti hana barua pepe, foleni imefika barazani, mwenye steshenari anamfungulia chapchap na nywila anaiandika kwenye daftari la kaunta. Wengine hujaza ya duka. Miezi ikipita binti akasahau nywila ya akaunti ya maombi, kiungo cha kuibadilisha kinakwenda kwenye barua pepe ambayo hajawahi kuifungua. Sanduku la mjomba lilikuwa na mjomba. Hili halina mtu.

Fomu haiyaoni hayo. Inakagua umbo tu: ipo @, alama aliyoichagua Ray Tomlinson mwaka 1971 kutenganisha jina la mtu na la kompyuta, ipo nukta, hakuna nafasi. Ukiandika “gmail.con” inapita. Lakini anwani sahihi, ikiongezewa nafasi moja mwishoni na kibodi ya simu, fomu nyingine huikataa kwa maandishi mekundu yasiyosema kosa liko wapi. Nimeona watu wazima wakiandika upya anwani zao hadi wakaanza kuzitilia shaka.

Mafundi wa mifumo wangeifuta nafasi hiyo wenyewe, wakauliza kama “con” ni “com”, kisha wakatuma msimbo. Anwani huthibitishwa na ujumbe uliofika. Kwenye steshenari yangu sibonyezi kitufe cha kutuma maombi mpaka mteja afungue barua pepe kwenye simu yake na kunisomea ujumbe wa kwanza, hata foleni ikinung’unika.