Historia ya Uwashaji wa Seva kwa Njia ya Mtandao na Maana Yake kwa Kata ya Baray, Karatu

Makala haya yanajadili historia ya uwashaji wa kompyuta kwa njia ya mtandao, yaani utaratibu ambao mashine hupokea mfumo endeshi kutoka kwa seva nyingine badala ya kuusoma katika diski yake. Hoja ya msingi ni kwamba utaratibu huu ulizaliwa na uhaba. Asili hiyo ndiyo inayoufanya ufae maeneo ya pembezoni, na ndiyo pia chanzo cha udhaifu wake.

Katika miaka ya 1980 diski zilikuwa ghali, hivyo zikaundwa kompyuta zisizo na diski. Itifaki ya TFTP, iliyochapishwa mwaka 1981, ilikuwa nyepesi kiasi cha kuenea katika chipu ndogo ya kumbukumbu. Mwaka 1985 Bill Croft na John Gilmore walichapisha BOOTP, iliyoiwezesha mashine kuuliza anwani yake na jina la faili la kuwashia. DHCP ilifuata mwaka 1993, na mwaka 1999 Intel ilitoa toleo la 2.1 la PXE, linalotumia DHCP na TFTP kwa pamoja. Kwa njia hiyo, seva tupu hupewa anwani, huvuta kiini cha mfumo, kisha husoma faili la majibu na kukamilisha usakinishaji bila mtu kuketi mbele yake.

Nchini Tanzania, kabla ya kebo ya SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti na nje yalitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa. Hata baada ya hapo, umbali haujaacha kuwa kikwazo. Kwa Kata ya Baray, iliyoko bonde la Ziwa Eyasi, faida ya utaratibu huu ni bayana: nakala moja ya mfumo yaweza kubebwa kutoka Arusha katika diski ya mkononi, kisha mashine zote zikaipokea kupitia swichi ya ndani, pasipo intaneti.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama. TFTP haina nywila wala usimbaji, na mashine inayowashwa kwa kawaida humtii anayetangulia kujibu. Kompyuta moja ngeni iliyochomekwa kwenye swichi yaweza kuzisakinishia mashine zote mfumo usiotakiwa. Hivyo basi, mtandao wa usakinishaji hauna budi kutengwa, na fundi wa kuusimamia kuandaliwa kabla ya vifaa kuwasili.