Kazi ya Mti katika Karagwe: Vyombo vya Nyumba na Vyombo vya Safari

Watu wengi husema ya kuwa kazi ya mti katika nchi ya Karagwe ililetwa na wageni. Ya kwamba kabla ya kuja msumeno na randa wenyeji waliketi chini na kulala juu ya nyasi, wala hawakujua kuunda chombo cha mti. Neno hili twalisikia hata vinywani mwa vijana waliosoma, nao hulisema bila haya, kana kwamba babu zao walikuwa watu wasio na mikono. Sisi twaona ni wajibu kulipima kwa ushahidi, tusilikatae kwa kuwa latuudhi, wala tusilikubali kwa kuwa limezoewa. Tena si jambo la zamani tu. Maana kijana aaminiye kwamba ufundi si wa kwao hununua kila kitu, hata kigoda cha jikoni, ambacho angaliweza kukiunda mwenyewe jioni akiisha kutoka shambani.

Kwa jina la Karagwe hapa twakusudia nchi ambayo zamani ilitawaliwa na wafalme Wahinda, na ambayo leo imegawanyika katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Kyerwa ilitengwa kuwa wilaya ya peke yake mwaka 2012. Mto Kagera huizunguka nchi hii upande wa magharibi na kaskazini, na ng'ambo yake ni Rwanda na Uganda.

1. Vyombo vya nyumba

Ushahidi wa kwanza ulioandikwa twaupata kwa Waingereza wawili, Speke na Grant, waliofika kwa mfalme Rumanyika tarehe 25 Novemba 1861, katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nili. Speke alikwenda kumwamkia Wazezeru, ndugu mkubwa wa mfalme, akaona ndani ya nyumba vyombo vingi vya maziwa, vya mti, vimewekwa mbele yake. Msomaji na azingatie jambo hili. Chombo kimoja chaweza kuwa kimenunuliwa kwa wageni. Lakini nyumba iliyojaa vyombo vya mti, vyote vya kazi moja, yatuonyesha ya kuwa palikuwa na mafundi walioishi kwa kazi hiyo, na watu waliojua kuchagua kizuri na kibaya.

Chombo hicho katika lugha za upande huu huitwa ekyanzi. Hakina kiungo wala msumari. Ni kipande kimoja cha mti kilichochimbwa ndani. Fundi hukikata kwa shoka, hukipa umbo kwa tezo, kisha hukikomba tumbo kwa kisu kilichopindwa ncha chenye mpini mrefu. Kazi hii hufanywa mti ukiwa mbichi bado, kwa sababu mti mkavu hushindana na chuma. Walakini hapo ndipo penye hatari: mti mbichi ukikauka upesi hupasuka, hasa mwishoni, mahali nyuzi za mti zilipokatwa, kwa kuwa maji hutokea hapo kwanza. Kwa hiyo chombo hukaushwa polepole kivulini, na kuta zake huchongwa ziwe na unene ulio sawa pande zote, maana penye unene na penye wembamba havikauki pamoja. Kikiisha kukauka hupakwa samli, na kabla ya kutiwa maziwa hufukizwa moshi wa nyasi, ili kisiharibu maziwa na kipate harufu nzuri. Mtu aliyeyajua hayo yote hawezi kuitwa mtu asiyejua kazi ya mti.

Tena ilikuwa kazi iliyounganisha watu. Wahima walikuwa wachungaji. Vyombo vyao vya maziwa vilichongwa na wakulima, nao wakulima walipata kwao maziwa, samli na ngozi. Mhunzi naye alikuwamo, kwa kuwa bila yeye hapana tezo wala kisu. Na uhunzi katika mkoa huu wa Kagera ni wa kale sana. Katika Buhaya, jirani zetu, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua tanuri za kuyeyushia chuma zilizotumika zaidi ya miaka 1500 iliyopita.

Mkulima alikuwa na chombo chake kikubwa, nacho ni mtumbwi wa pombe. Huu ni gogo lililochimbwa mfano wa mtumbwi wa majini; ndizi mbivu hutiwa humo pamoja na nyasi, watu wakazikanyaga kwa miguu hata maji yake yakatoka, kisha yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa yakaachwa yachachuke. Fundi wa mtumbwi wa majini na fundi wa mtumbwi wa pombe walitumia maarifa yale yale.

Hata ufalme wenyewe ulikalia mti. Rumanyika alimsimulia Speke ya kuwa baba yake Ndagara alipokufa, wana watatu waligombea kiti. Ndipo ikawekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa mkono lakini yenye dawa nyingi, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kuiinua. Na mwezi ulipoandama Speke aliona mbele ya mfalme ngoma zaidi ya 30 zimepangwa chini. Kila ngoma ni gogo lililochimbwa. Basi idadi hiyo peke yake ni ushahidi wa mafundi wengi.

2. Maneno nayo yashuhudia

Lugha ni ghala ya habari za kale, nasi twaweza kuiuliza. Neno kiti ni la Kibantu, tena lina shina moja na mti. Maana yake ya kwanza ni kitu cha mti. Neno kitanda latoka katika kutanda, kwa kuwa kamba au ngozi hutandwa juu ya miti minne. Nao Wanyambo na Wahaya wana neno lao, entebe, yaani kiti, ambalo Waganda pia wanalo, hata likawa jina la mji wao wa Entebbe. Watu hawapi jina lao wenyewe kitu wasichokuwa nacho.

Lakini haki ni lazima ikate pande zote mbili. Neno meza limetoka kwa Wareno. Sanduku limetoka kwa Waarabu. Kabati limetoka kwa Waingereza. Na randa na patasi zimefuata njia ya biashara ya Bara Hindi hata pwani yetu. Maneno haya yote ni ya kazi ya ubao, yaani mti uliopasuliwa, ukalainishwa, ukaungwa. Hapo ndipo twaona mpaka wa jambo letu. Babu zetu walichonga. Wageni walileta kuunga. Asemaye kwamba ufundi wote uliletwa amekosea, na asemaye kwamba hapana kilicholetwa amekosea vile vile.

3. Vyombo vya safari

Chombo cha nyumbani hupimwa kwa mtu akitumiaye. Chombo cha safari hupimwa kwanza kwa yule akibebaye. Katika njia za misafara iliyotoka pwani na Tabora kuja Kafuro, mahali pa wafanya biashara Waarabu katika Karagwe, mbebaji alikuwa mtu, na mzigo wake haukuzidi sana frasila mbili, yaani ratili 70. Kwa hiyo kila sanduku, kila kitanda cha kukunja na kila nguzo ya hema ilikuwa lazima iingie katika kipimo hicho. Kilichozidi kilifungwa katikati ya mti, kikachukuliwa na watu wawili, ndio mzegazega. Hata mtu mwenyewe aliweza kuwa mzigo: Grant aliugua mguu akabaki Karagwe, naye Speke akatangulia kwenda Buganda Januari 1862, Aprili mwaka huo huo Waganda wakaja wakamchukua Grant katika machela ya kusukwa. Chombo chepesi cha fito kilifanya kazi ambayo kiti kizito cha mbao kisingaliweza.

Mfano mkubwa kuliko yote ulionekana katika nchi yetu mwaka 1876. Mwaka huo Stanley alifika Karagwe na mashua yake, iitwayo Lady Alice. Mashua hiyo iliundwa Uingereza kwa mti wa mwerezi, mbao zake zikiwa na unene wa thumni tatu za inchi. Urefu wake futi 40, upana wake futi 6, kina chake inchi 30. Ilifanywa vipande vitano, kila kimoja futi 8, ili ichukuliwe na wapagazi na kuungwa tena penye maji. Lakini ilipofika Unguja vipande vilionekana vizito mno, seremala wa Kiingereza akavigawanya tena. Fundi wa Ulaya alikuwa ameipima mashua kwa maji, asiipime vya kutosha kwa bega la mpagazi na kwa njia nyembamba ya porini.

Katika Karagwe iliungwa, ikatiwa katika ziwa lililo chini ya Bweranyange, makao ya mfalme, lile ambalo Speke alikuwa ameliita Windermere Ndogo. Yakafanywa mashindano kati yake na mitumbwi ya wenyeji mbele ya Rumanyika. Baadaye Stanley akapanda nayo katika mto Kagera na maziwa ya kando yake hata Ihema. Siku ile ziwani zilikutana kazi mbili za mti: upande huu gogo moja lililochimbwa, lisilo na kiungo cha kuvuja, wala halibebeki kwenda mbali, upande huu mbao nyembamba zilizoungwa, zibebekazo, lakini zenye kuhitaji parafujo na mwangalizi kila siku. Hatusemi moja ni ya akili na nyingine ya ujinga. Kila moja ilijibu haja yake. Wala hatuisifu safari yenyewe, kwa maana mwaka 1875 watu wengi wa kisiwa cha Bumbire waliuawa kwa bunduki za msafara huo. Mashua yenyewe iliachwa juu ya mwamba karibu na maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877.

Stanley huyo huyo alionyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika. Pamoja na sanamu za shaba na mikuki mizuri, aliona humo vikombe, sahani na vyombo vya maziwa vya mti, vyote safi, na kiti cha mfalme kilichochongwa katika gogo moja. Mfalme aliyepokea zawadi za Ulaya hakuona aibu kuweka kazi ya mafundi wake katika hazina.

4. Sababu za kupungua, na njia iliyo mbele

Kwa nini basi kazi hii ilififia? Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliwaua ng'ombe wengi sana katika nchi za maziwa makuu, na Karagwe haikuachwa. Ng'ombe walipokwisha, maziwa yalipungua, naye mchonga vyombo vya maziwa akapotewa na wateja. Kisha ufalme ulidhoofika chini ya utawala wa Wadachi, na mafundi wa kifalme hawakuwa tena na bwana wa kuwalisha. Wakati huo huo wamisionari, walioanza Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892, walileta shimo la kupasulia mbao, ambamo mtu mmoja husimama juu ya gogo na mwenzake chini, wakivutana msumeno. Wakafundisha kuunga mti kwa ulimi na tundu. Basi ufundi wa kuchonga haukushindwa kwa ubora; uliondokewa na waliokuwa wakiuhitaji.

Tuseme kweli: ubao una faida yake. Gogo moja litoalo kigoda kimoja cha kuchonga hutoa viti kadha wa kadha likipasuliwa. Faida hii ni kubwa zaidi leo, kwa kuwa miti mikubwa ya asili imepungua, na sehemu za misitu yetu zimekuwa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, tangu mwaka 2019. Hairuhusiwi kukata mti humo. Mtu atakaye kujifunza atumie miti ya shambani: mgrivea uliopandwa katikati ya migomba na kahawa, mkaratusi, au mushambya ambao wenyeji huujengea tangu zamani.

Nasi twapenda kuwashauri vijana wasingoje kuwa maseremala wa mshahara. Kazi ya mikono ya jioni, isiyouzwa, ina thamani yake. Aanze na kigoda cha kipande kimoja, ajifunze jinsi mti ukaukavyo. Kisha aunde sanduku la safari. Hapo atakuta sheria ile ile ya misafara. Mpagazi hayupo tena, bali ipo pikipiki, na lipo gari la watu waendao kulala mbugani. Naye akipima sanduku kwa kiti cha nyuma cha pikipiki au kwa nafasi iliyo nyuma ya gari kabla ya kushika msumeno, hatalazimika kulikata upya kama ilivyokatwa mashua ya Stanley huko Unguja.

Jambo la mwisho ni maneno. Ndoo ya plastiki imechukua mahali pa ekyanzi katika nyumba nyingi, na chombo kikiondoka majina ya sehemu zake huondoka nacho: mdomo, shingo, tumbo, kifuniko, na kisu kilichokikomba. Wazee wayajuao majina hayo kwa Kinyambo wangaliko, lakini si wengi. Twawaomba walimu wa Karagwe na Kyerwa wawatume wanafunzi wao kuwauliza wazee, wayaandike majina pamoja na namna ya kazi, na jina la kila mti uliotumika. Daftari moja katika kila shule lingetosha kuanza, na kazi hiyo haihitaji fedha, ila ihimizwe upesi.