Kutoka Swichi Hadi Herufi S

Njia hii inaanzia Menlo Park, California, katika banda la gari la Gordon French, jioni ya Machi 5, 1975. Watu wapatao thelathini walikusanyika kuitazama Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunganishe mwenyewe. Haikuwa na skrini wala kibodi. Programu iliingizwa kwa swichi, baiti moja baada ya nyingine, na majibu yakasomwa kwenye taa. Swichi moja ikikosewa, kazi yote iliharibika. Kwa kusaka kosa, mwenye mashine alikuwa na swichi ya kuiendesha hatua moja moja, na macho yake.

Ndiyo maana watu hawa walihitajiana. Chama chao, Homebrew Computer Club, kilihamia baadaye kwenye ukumbi wa kituo cha SLAC, Stanford. Lee Felsenstein aliongoza: kwanza mtu anasimama na kutaja alicho nacho au kilichomshinda, kisha wote wanatawanyika ukumbini kutafutana. Fundi aliyekwama usiku kucha peke yake alimpata hapo aliyekwisha kulivuka shimo lilelile.

Steve Wozniak alikuwepo tangu jioni ya kwanza. Michoro ya kompyuta yake, Apple I, aliigawa bure chamani. Ndani yake mlikuwa na programu ya baiti 256 tu, iitwayo Monita: unaandika anwani ya kumbukumbu, unaona kilichomo, unakirekebisha. Swichi zikawa kibodi. Septemba 1976, yeye na Allen Baum walichapisha katika jarida la Dr. Dobb's programu ya kugeuza namba za prosesa ya Apple I, yaani 6502, kuwa amri zinazosomeka.

Apple II ya mwaka 1977 ilizaliwa na vifaa hivyo tumboni. Katika Monita, herufi L ilionyesha amri 20. S iliendesha moja na kusimama. T ilizifuata zote zikipita. Swichi ile ya hatua moja moja ya Altair sasa ilikuwa herufi S.

Mwaka 1979, Apple II Plus ilikuja bila S na T. Lakini kitabu cha mwongozo wa Apple II cha mwaka 1978 kilikuwa kimechapisha Monita nzima, mstari kwa mstari. Mwenye kitabu hakunyang'anywa kitu: aliweza kusoma jinsi hatua ile ilivyofanya kazi, akajiandikia yake. Huo ndio urithi ninaouthamini kuliko mashine zenyewe. Chombo kilichowekwa wazi hubaki mikononi mwa watu hata mtengenezaji akikiondoa.