Walker: Kumbe ni Jina la Wasee wa Kukanyaga Mkojo

Ukiskia Walker unadhani babu yao alipenda kutembea. Zii. Jina limetoka kwa wealcere, neno la Kiingereza cha kale la mtu wa kukanyaga vitambaa.

Enzi hizo Uingereza ilikuwa inakula kwa sufu. Kitambaa kikitoka kwa mfumaji kilikuwa kimelegea, kimejaa mafuta ya kondoo. Walker anaingia kwa pipa miguu wazi, anakikanyaga masaa mob ndani ya maji na mkojo uliolala. Amonia ya mkojo inakata mafuta, kukanyaga kunafanya nyuzi zishikane. Harufu? Wacha tu.

Kazi ilikuwa moja, lakini jina lilitegemea unatoka side gani. Kaskazini ulikuwa Walker, kusini mashariki Fuller, kusini magharibi Tucker. Cheki Kyle Walker, yule beki: amezaliwa Sheffield, kaskazini huko.

Karne ya 12, nyundo za mbao zinazoendeshwa na maji ya mto zikaanza kuwapokonya hiyo job. Pole pole miguu ikatoka kwa pipa, lakini jina lilikuwa limeshika. Hata watoto ambao hawakuwahi kukanyaga chochote wakalirithi.