Noti ya "benki ya taifa"

Neno "taifa" katika noti za benki za taifa za Marekani humpoteza msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kulisikia likitajwa pamoja na benki kuu. Benki hizo, zilizotoa noti kuanzia 1863 hadi 1935, zilikuwa za watu binafsi, nyingi za miji midogo. Kilichokuwa cha taifa ni hati ya usajili na dhamana zilizowekwa Hazina. Kila noti ilitaja mji wa benki yake. Ndiyo maana mkusanyaji husoma mji kwanza: dola 5 ya kijijini, hata ikichakaa, yaweza kuishinda bei dola 20 safi ya New York. Ile ya dola 2, yenye tarakimu iliyolala ubavu, wakusanyaji wameipachika jina la mvivu, na hutafutwa popote ilipotoka.