Mapafu yana kipimo, tusikisie

Juma lililopita nilikuwa Nairobi, mtaa wa Mowlem, kwa shangazi yangu. Zaidi ya miaka ishirini amekaanga mahamri na viazi karai hapo, kwa jiko la makaa, alfajiri na jioni. Zamani akiisoma Ayatul Kursiy kwa pumzi mbili. Safari hii nilimsikia akikata mara tano. "Ni baridi ya Nairobi, mwanangu," akaniambia. Miaka mitatu amekunywa dawa za kikohozi, chupa baada ya chupa, na hakuna aliyewahi kumpima pumzi.

Wengi wetu twajua kupima presha na sukari. Kwamba mapafu nayo yana kipimo, ni wachache wanaojua.

Ndani ya mapafu mna mamia ya mamilioni ya vijifuko vya hewa, na kuta zake zina nyuzi zinazovutika na kurudi kama lastiki. Tukivuta pumzi, misuli hutanua kifua na mapafu hufuata. Tukiitoa, tukiwa tumetulia, hatutumii nguvu: mapafu hunywea yenyewe.

Lastiki hiyo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukakamaa. Makovu ya kifua kikuu au vumbi la machimbo hufanya mapafu yawe magumu kutanuka, na mtu huvuta pumzi fupi fupi. Ya pili ni kulegea, kama lastiki ya suruali iliyofuliwa mara nyingi. Moshi, wa sigara au wa jikoni, hula zile nyuzi na kuzibanisha njia za hewa. Hewa huingia, lakini kutoka ni shida.

Madaktari hupima ulaini wa mapafu kwa kuangalia hewa kiasi gani huingia kwa shinikizo fulani. Mapafu mazima ya mtu mzima hupokea kama mililita 200 kwa kila shinikizo la sentimita moja ya maji. Yaliyokakamaa hupokea kidogo, yaliyolegea hupokea zaidi. Kipimo hiki chataka mrija mwembamba wenye kiputo, unaomezwa hadi kwenye umio, kwa hiyo si cha kila siku.

Cha kila siku ni spirometa. Daktari Mwingereza John Hutchinson alieleza chombo chake mwaka 1846, baada ya kupima watu zaidi ya 2,000. Siku hizi ni kimashine kidogo. Unabanwa pua, unavuta pumzi hadi mwisho, unafumba midomo kwenye mrija, kisha unapuliza kwa nguvu zote mpaka hewa iishe. Hurudiwa angalau mara tatu.

Hutazamwa namba mbili: hewa yote iliyotoka, na iliyotoka sekunde ya kwanza. Ikiwa ya sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya yote, njia za hewa zimebana. Mapafu yaliyokakamaa hupunguza namba zote mbili kwa pamoja. Kisha mgonjwa huvuta dawa ya kufungua kifua na kupimwa tena. Namba zikipanda sana, huenda ni pumu.

Mowlem haiko mbali na jaa la Dandora, lililoanza 1975 na ambalo moshi wake haukatiki. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa utafiti wa watoto 328 wa eneo hilo. Karibu nusu yao walikuwa na maradhi ya njia ya hewa. Shangazi ana moshi wa nje na wa jikoni.

Nikampeleka akapimwa. Alitoa lita 2, na sekunde ya kwanza lita 1.2. Hiyo ni asilimia 60. Baada ya dawa, namba hazikusogea. Daktari alisema kilichoharibika hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa: dawa ya kuvuta, na aache moshi.

Hapo ndipo penye uzito, kwa sababu jiko hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba. Kwa sasa amelitoa nje, penye upepo, na sisi wanawe twachanga anunuliwe la gesi.

Kama nyumbani kwenu kuna mpishi anayekohoa zaidi ya miezi miwili, usimnunulie chupa nyingine. Mpeleke kwanza akapulize.